Samaki Mmoja Akioza

Hakuna mwalimu wa Kiswahili ambaye hajawahi kusahihisha insha inayoanza kwa methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mwanafunzi huiandika bila kusita, kana kwamba ni kanuni ya hesabu, kisha husimulia kisa cha kijana mmoja mlevi aliyeiponza jamaa nzima. Nimezisoma insha za aina hiyo miaka nenda miaka rudi, na ni nadra sana kukutana na mtahiniwa anayethubutu kuihoji methali yenyewe. Ni nani hasa anayenusa na kuamua kwamba samaki ameoza? Na hao wenzake, wameoza kwa kweli, au wananuka tu kwa sababu wametiwa katika tenga moja?

Maswali hayo yalinirudia hivi majuzi nilipokuwa nikifuatilia ugomvi wa miaka mingi uliomo ndani ya jumuiya moja iliyozaliwa Marekani. Huenda msomaji amewahi kuziona picha zao gazetini au kwenye televisheni: watu wazima waliovalia manyoya ya bandia toka utosini hadi unyayoni, huyu mbweha, yule mbwa mwitu, mwingine chui, wakipunga mikono barabarani kwa mamia. Waingereza na Wamarekani huwaita furry. Hapa nitawaita wanamanyoya. Hii si dini wala chama cha siasa. Ni mashabiki wa wahusika ambao ni wanyama lakini wenye akili, usemi na mwendo wa binadamu. Wengi wao hata hilo vazi kamili hawana, maana bei yake huweza kufika maelfu ya dola. Wao huchora, huandika hadithi, au huzisoma tu na kuzifurahia.

Kabla hatujaangua kicheko, tujitazame na sisi. Mtoto gani wa Kiafrika aliyekua bila sungura mjanja na fisi mlafi? Katika darasa la fasihi simulizi tunaziita ngano hizo hurafa, na ile mbinu ya kumpa mnyama sifa za kibinadamu tunaiita tashihisi, kisha tunawatungia wanafunzi maswali ya alama kumi kuihusu. Isitoshe, filamu ya Disney ya mwaka 1994, The Lion King, ambayo wanamanyoya wengi waliokulia miaka ya tisini huitaja kuwa ndiyo iliyowavuta, iliwabatiza wahusika wake kwa maneno yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Kwa hiyo lugha yetu ina mkono wake katika jambo hili, ingawa hakuna aliyekuja kutuomba ruhusa.

Sasa tuuingie ugomvi wenyewe. Kwa ufupi, ni ugomvi juu ya michoro ya ngono. Katika jumuiya hii, sambamba na picha za mbweha wapiga gitaa na simba wasoma vitabu, zimekuwako siku zote picha na hadithi za watu wazima, ambazo hakuna mwalimu angethubutu kuzibandika ukutani. Wapo wanaozitetea kwamba ni sanaa kama sanaa nyingine, na kwamba aliyechorwa si kiumbe wa kweli wa kuweza kudhulumiwa. Wapo wanaodai kwamba picha hizo ndizo zilizoipaka matope jumuiya nzima machoni pa ulimwengu, na kwamba wenye kuzichora wangefukuzwa, jina jema lingerudi.

Hoja hiyo ya pili huegemea imani kwamba hapo zamani mambo yalikuwa safi, uchafu ukaletwa na wageni wa baadaye. Historia haiiungi mkono. Mwaka 1972 ilionyeshwa Marekani filamu ya katuni ya Ralph Bakshi, Fritz the Cat, ambayo ilikuwa ya kwanza ya katuni nchini humo kupewa alama ya X, yaani ya watu wazima pekee. Mwaka uliofuata, Disney ikatoa Robin Hood, ambamo shujaa ni mbweha mpole mwenye upinde na mishale, filamu ambayo hata mtoto wa chekechea huitazama akafurahi. Naziona filamu mbili hizo kuwa kama wazazi wawili wasiopatana. Wanamanyoya wamerithi pua ya mmoja na macho ya mwingine, na ni kazi bure kumtaka mtoto amkane mzazi mmoja ili amfurahishe jirani.

Mwaka 1976, katika mji wa Minneapolis, wachoraji Ken Fletcher na Reed Waller walianzisha Vootie, jarida dogo lililosambazwa baina ya wachangiaji wenyewe, lililohusu katuni za wanyama. Humo ndimo Waller alipoanza kumchora, mwaka 1978, paka aitwaye Omaha, mcheza dansi anayevua nguo jukwaani. Kurasa zake hazikufunga mlango wa chumba cha kulala. Lakini kadiri hadithi ilivyorefuka, hasa alipojiunga mwandishi Kate Worley, ilijaa pia mapenzi, siasa za mji, mauaji na majonzi, hata wasomaji wengi wakaifuata kama watu wanavyofuata riwaya inayochapishwa kwa sura. Mwaka 1986 polisi wa mji wa Lansing, jimboni Illinois, walimkamata msimamizi wa duka moja la vitabu vya katuni kwa kosa la kuuza machapisho machafu, na Omaha alikuwa mmojawapo wa walioshtakiwa naye, kwa namna ya kusema. Msimamizi huyo alihukumiwa, kisha hukumu ikatenguliwa katika rufaa. Fedha alizozichangisha mchapishaji Denis Kitchen kwa ajili ya kesi hiyo ndizo zilizozaa hazina ya Comic Book Legal Defense Fund, ambayo imeendelea kuwatetea wachoraji na wauzaji wa katuni mahakamani.

Basi anayedai kwamba nyumba ilikuwa safi hadi wageni walipoingia na matope, bado hajaifungua kabati ya babu yake.

Hata hivyo, nisije nikawadhulumu waliolalamika, kwani walikuwa na la kusema. Mkutano wa kwanza wa wanamanyoya peke yao, ConFurence, ulifanyika Costa Mesa, California, Januari 1989, ukahudhuriwa na watu 65. Waasisi wake, Mark Merlino na Rod O'Riley, waliamini mlango uachwe wazi kwa yeyote apendaye wanyama-watu, pasipo kumuuliza anafanya nini akiwa faraghani. Katika nyakati zile, ambapo mashoga wengi nchini humo walizoea kufungiwa milango, jambo hilo halikuwa dogo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini, mkutano huo ulikuwa ukivuta watu zaidi ya elfu moja. Sasa mjifikirie ninyi ni mchoraji kijana, mwenye ndoto ya kuajiriwa na kampuni ya filamu za watoto. Mnaipanga michoro yenu ya sungura na kindi mezani, na mwenye meza ya jirani amepanga yale ambayo macho hayatakiwi kuyaona mbele ya wakwe. Wateja wanapita, wanatazama meza mbili kwa jicho moja. Zaidi ya hayo, mchoro wa aina ile ndio unaonunuliwa kwa bei ya juu, nanyi mna kodi ya nyumba ya kulipa. Wapo waliochora wasichokitaka kwa sababu ya tumbo, na wapo waliojiondoa kabisa, jina la wanamanyoya wasilitamke tena.

Kutokana na uchungu huo, mwaka 1998 kilizuka kikundi kilichojiita Burned Furs, yaani manyoya yaliyoungua. Tamko lao lilikuwa kali. Walitaka jumuiya ijisafishe, iache kumkumbatia kila mtu kwa jina la uvumilivu, na iwatoe nje wale wenye mienendo waliyoiita ya kuaibisha. Kwamba walichoka kuchekwa kwa makosa yasiyokuwa yao, hilo nalielewa. Ila kosa lao, kwa maoni yangu, lilikuwa kutumia fagio moja kwa takataka zote. Walimtia kapu moja anayemwingilia mnyama wa kweli, ambaye ni mhalifu na mkatili, pamoja na mchoraji wa picha za mapenzi baina ya watu wazima wa kubuni, pamoja na mtu ambaye kosa lake ni kupenda kukumbatia mwanasesere wa manyoya. Wengi wakahisi pia kwamba nyuma ya neno aibu ilijificha chuki dhidi ya mashoga. Majibizano yakawa makali, urafiki wa miaka mingi ukavunjika, na baada ya miaka michache kikundi kikasambaratika. Na msomaji apendaye kinaya atafurahi kujua kwamba mwandishi wa tamko hilo baadaye akawa mchapishaji mashuhuri wa vitabu vya katuni, vikiwemo vya mapenzi ya watu wazima, na kazi yake ikasifiwa. Sisemi hivi kwa kumkejeli, binadamu hukua. Nasema tu kwamba fagio halikudumu hata mikononi mwa aliyelishika.

Pigo lililoogopwa likaja na likampata kila mtu, aliyefukuza na aliyefukuzwa. Machi 2001 jarida la Vanity Fair lilichapisha makala ndefu ya George Gurley, aliyehudhuria mkutano wa Midwest FurFest karibu na Chicago, na makala hayo yalikawia zaidi katika mambo ya chumbani kuliko katika sanaa. Televisheni ya MTV ikafuata mwaka 2002. Tarehe 30 Oktoba 2003 tamthilia ya upelelezi iitwayo CSI, iliyokuwa ikitazamwa na mamilioni ya Wamarekani, ikaonyesha kisa cha mtu aliyekufa akiwa amevaa vazi la rakuni, pamoja na mkutano ambamo waliovaa manyoya hulundikana kwa anasa. Mwaka huohuo ConFurence ilifanya mkutano wake wa mwisho. Kuanzia hapo, kijana akimwambia mama yake kwamba anapenda kuchora mbweha wanaoongea, mama alikuwa tayari ameshaiona ile tamthilia.

Aliyeishika njia tofauti ni Samuel Conway, mkemia mwenye shahada ya uzamifu, aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano wa Anthrocon kuanzia mwaka 1999. Mkutano huo ulianzia Albany, New York, mwaka 1997, na tangu 2006 umekuwa ukifanyika Pittsburgh. Conway hakuwafukuza wachoraji wa picha za watu wazima. Alijenga ukuta ndani ya nyumba: michoro hiyo ikawekwa upande wake, mahali ambapo asiyetimiza umri haingii, na ukumbi wa wote ukabaki ukumbi wa wote. Kuhusu waandishi wa habari, alikuwa mkali kupita kiasi. Aliwachuja mlangoni, akawafundisha wanachama namna ya kuhojiwa, akawasihi wanaotaka kueleza siri zao za kitandani mbele ya kamera wazimeze. Wapo waliomwona dikteta, na sisi wa taaluma ya kalamu hatuna sababu ya kumshangilia anayetufungia mlango. Lakini watu wa Pittsburgh walipowaona wageni hawa kwa macho yao, mwaka baada ya mwaka, wakila katika mikahawa yao, wakilipa hoteli, wakichangia mashirika ya kuwatunza wanyama, walianza kuwakaribisha kwa mabango madirishani. Gwaride la mavazi ya manyoya likawa jambo ambalo wazazi huwaleta watoto wao kulitazama. Mwaka 2023 waliohudhuria walizidi 13,000.

Hapa ndipo panaponifanya niushike ugomvi huu kwa mikono miwili na kuwaletea walimu na wanafunzi. Kwa takriban miongo miwili, pande zote zilibishana juu ya sifa: majirani watatuonaje, magazeti yatasemaje, nani anatuaibisha. Swali la usalama lilisikika kwa sauti ndogo zaidi. Kumbe sifa na usalama ni vitu viwili, na anayevichanganya hukosa vyote. Ushabiki huu umejaa vijana; wengi huingia wakiwa bado wanafunzi wa shule. Kijana wa miaka 14 anayekuja na daftari lake la michoro haumizwi na ukweli kwamba pahali fulani kuna watu wazima wanaochora mambo ya watu wazima. Anaumizwa pasipokuwa na mlango baina ya chumba chao na chake, au mtu mzima anapoupita mlango huo kumfuata. Wale wa mwaka 1998 waliotaka kuusafisha ukumbi kwa ajili ya kamera hawakumjengea mlango huyo kijana. Wala wale waliotetea uhuru wa kila kitu hawakumjengea, kwa kuwa kila aliyetaja mlango alishukiwa kuwa mnafiki mwenye fagio.

Milango ilijengwa polepole, na si kwa hotuba. Ghala kubwa la michoro yao liitwalo Fur Affinity, lililofunguliwa mwaka 2005, hutenganisha picha kwa viwango, na mwaka 2010 lilipiga marufuku michoro ya ngono inayoonyesha wahusika watoto, ijapokuwa baadhi ya wanachama walipinga kwa kelele nyingi kwamba ni ya kubuni tu. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko matamko yote ya manyoya yaliyoungua, na magazeti makubwa hayakuuandikia makala ndefu.

Tena, mienendo ya watu kwa watu huvunja nyumba kuliko picha zilizofungiwa ndani ya jalada. Mkutano wa RainFurrest, karibu na Seattle, haukuuawa na mchoro wowote. Uliuawa mwaka 2015 na wahudhuriaji walioharibu mali ya hoteli na kusababisha polisi kuitwa, hadi waandalizi wakakosa pa kuufanyia mwaka uliofuata.

Nimesema kwamba sifa na usalama ni vitu viwili. Sitaki nifahamike kwamba sifa haina thamani, maana kuna usiku mmoja ambao ulionyesha bei yake. Mapema asubuhi ya tarehe 7 Desemba 2014, katika hoteli moja ya Rosemont, Illinois, ambamo Midwest FurFest ilikuwa ikifanyika, poda ya klorini ilimwagwa kwenye ngazi na hewa yake ya sumu ikaenea. Maelfu ya watu walitolewa nje katika baridi ya usiku, wengine wakiwa ndani ya mavazi yao, na watu 19 wakapelekwa hospitali. Polisi walisema ilielekea kuwa ni tendo la makusudi. Asubuhi hiyo iliyofuata, habari iliposomwa katika kipindi kimoja cha televisheni, mtangazaji alipoelezwa waliokuwa hotelini ni watu gani, alishindwa kujizuia akaondoka mezani akikimbia kwa kicheko. Watu 19 walikuwa wamevuta sumu. Miaka kumi ilipita bila yeyote kufikishwa mahakamani. Nimejiuliza mara nyingi kama kicheko kile kingewezekana iwapo waliopelekwa hospitali wangekuwa mashabiki wa mpira waliojipaka rangi za timu usoni na kuvaa pembe za plastiki, kama tunavyowaona kila Jumapili.

Na kicheko hakikai hotelini peke yake. Mwaka 2022 kilifika shuleni. Uvumi ulienea Marekani kwamba wanafunzi wanaojiona kuwa paka wamewekewa vyooni masanduku ya ule mchanga maalumu ambao paka wa ndani hujisaidia humo. Seneta mmoja wa jimbo la Nebraska, Bruce Bostelman, aliurudia katika mjadala wa bunge la jimbo mwezi Machi, akaomba radhi alipogundua kwamba haukuwa kweli. Kufikia Oktoba shirika la habari la NBC lilikuwa limehesabu wanasiasa na wagombea wasiopungua 20 walioueneza, na halikupata shule hata moja iliyofanya hivyo. Mwaka 2025 ulipelekwa mswada katika bunge la Texas wa kuwazuia wanafunzi wasijifanye wanyama, nao haukupita. Walimu wakuu walijikuta wakiandika barua kwa wazazi kukanusha jambo ambalo halikuwako, huku mtoto aliyependa kuvaa masikio ya paka akinyooshewa vidole na wenzake, na asijue hata kosa lake, kwani hakuwahi kuhudhuria mkutano wowote wala kusikia habari za Omaha au za Vanity Fair.

Katika uchunguzi wao, waandishi wa NBC waligundua mahali pamoja ambapo mchanga wa paka ulikuwa kweli madarasani. Ni katika wilaya ya elimu ya Jefferson, jimboni Colorado, ambamo imo shule ya Columbine, ile ambayo mwaka 1999 wanafunzi wawili waliwaua wenzao kwa risasi. Tangu mwaka 2017 wilaya hiyo imekuwa ikiweka ndoo ya dharura madarasani, na ndani yake umo mchanga huo kidogo. Umewekwa kwa ajili ya watoto watakaohitaji kujisaidia wakiwa wamefungiwa darasani kwa saa nyingi pamoja na mwalimu wao, taa zimezimwa, wakimsubiri polisi aje kuwaambia kwamba mwenye bunduki hayuko tena ukumbini.